Kwa nini pikipiki ya zamani hukohoa ikifika Mau Summit

Ukanda huu wa Ziwa Victoria na Bonde la Ufa una pikipiki nyingi za zamani ambazo injini zake zimefunguliwa bila sababu. Kisa huwa kilekile. Mtu amenunua Honda au Suzuki ya miaka ya sabini au themanini, ameishughulikia ikapendeza, na akiwa Kisumu inawaka kwa kiki moja. Siku moja anaamua kwenda nayo Nakuru. Akishaiacha tambarare ya Ahero na kuanza kupanda kuelekea Kericho, nguvu zinapungua. Akifika Mau Summit, huko milimani, injini inakohoa, ekzosi inatoa moshi mweusi, na harufu ya petroli imemjaa puani. Fundi wa kwanza anayemwona anasema, "Mzee, hii imechoka, tufungue." Inafunguliwa. Pistoni mpya, ringi mpya, gasketi mpya. Safari inayofuata inakohoa palepale.

Mara nyingi pikipiki hiyo haijachoka hata kidogo. Imekosa hewa. Nataka kulieleza jambo hili taratibu, kwa sababu mtu akilielewa ameshaelewa nusu ya kazi ya kumiliki chombo cha aina hii: pikipiki ya zamani haina kompyuta wala kihisio chochote, na kazi ambayo vifaa hivyo hufanya kwenye pikipiki mpya ameachiwa mwenye pikipiki.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia pikipiki gani. Shirikisho la kimataifa la vyombo vya kale, FIVA, huhesabu chombo kuwa cha kihistoria kikiwa na umri wa miaka 30 au zaidi, kikiwa kimetunzwa katika hali yake ya asili na hakitumiki kama usafiri wa kila siku. Kwetu sharti hilo la mwisho ni gumu, maana pikipiki ikiwaka hutumwa kazi. Kwa makala hii, ya zamani ni ile yenye kabureta, kiki, na umeme wa kawaida usio na ubongo wowote. Tena nazungumzia standadi, yaani ile ambayo dereva hukaa wima, mikono imetulia, injini iko wazi bila kufunikwa na plastiki, na imekusudiwa barabara ya kawaida: BSA, Triumph na Royal Enfield kwa upande wa zile kongwe, kisha Honda za CB na CG, Suzuki A100 na ndugu zao. Yamaha DT, ambayo wengi huitaja kwanza wakisikia neno zamani, ni ya jamii nyingine. Ile ilitengenezewa njia mbovu, ndiyo maana imeinuka juu hivyo.

Sasa hewa.

Injini haichomi petroli peke yake. Inachoma mchanganyiko wa petroli na hewa, na kwa uzito, kila gramu moja ya petroli inahitaji gramu 14 hadi 15 hivi za hewa. Kabureta ndiyo inayopima. Hewa ikivutwa na injini hupita kwenye koo jembamba la kabureta, mwendo wake unaongezeka, na petroli inanyonywa kutoka kwenye bakuli la chini kupitia tundu dogo liitwalo jeti. Jeti haijui lolote kuhusu dunia ya nje. Ukubwa wake ni uleule Dunga, ufukweni mwa ziwa Kisumu, na uleule Timboroa, juu milimani.

Fikiria mtu anayepika ugali kwa kipimo alichozoea: kiasi hiki cha maji, kopo hili la unga. Siku moja sufuria ina maji pungufu bila yeye kujua, naye anamimina unga uleule. Ugali unakaza, mwiko haugeuki. Petroli ndiyo unga, hewa ndiyo maji. Kisumu iko takribani mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina karibu asilimia 87 ya mgandamizo ulioko Mombasa. Nakuru iko mita 1,850, na hapo tumebaki na asilimia 80. Kericho imepita mita 2,000, Mau Summit imepita 2,400, na barabara ya Eldoret kule Timboroa inazidi mita 2,700. Kwa hiyo anayetoka Kisumu hadi Mau Summit amepoteza karibu asilimia 15 ya hewa aliyoanza nayo. Petroli nayo inapungua kidogo, lakini haipungui kwa kadiri ileile. Mchanganyiko unakuwa mzito. Petroli isiyopata hewa ya kutosha inageuka masizi, na hayo ndiyo moshi mweusi.

Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni mchanganyiko mzito, na huo unaweza kurekebishwa. La pili ni upungufu wa hewa yenyewe, na huo hauna dawa. Honda CG125 yenye nguvu za farasi 11 hivi usawa wa bahari haiwezi kuwa nazo zote Mau Summit hata ikipangwa na fundi bora kuliko wote. Itabaki na nane hivi. Kwa hiyo ukiwa na abiria na mzigo, kushuka gia moja kwenye mlima wa Londiani ni jambo la haki, wala si dalili ya ugonjwa. Ugonjwa ni kukohoa, moshi mweusi, na injini kuchangamka unapoirudisha aksileta kidogo. Ukiona kwamba inaenda vizuri zaidi aksileta ikiwa nusu kuliko ikiwa imevutwa yote, karibu kila mara umepata jibu lako.

Pikipiki mpya zenye mfumo wa kompyuta wa kunyunyizia mafuta hupima hewa zenyewe na kupunguza petroli bila dereva kujua. Boda nyingi za leo bado zina kabureta, kwa hiyo nazo huuhisi mlima, ila mwenye boda huishi na kufanya kazi mahali pamoja. Ni sisi tunaopenda kuzichukua za zamani kwa safari ndefu tunaokutana na jambo hili.

Ushahidi uko kwenye plagi. Panda mlima kwa bidii, tafuta mahali salama pembeni, shika klachi, zima injini papo hapo bila kuiacha ingurume polepole, kisha ngoja ipoe kidogo ufungue plagi. Ncha yake ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, mchanganyiko uko sawa. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, hewa imezidi na injini inaungua. Nyeusi yenye unyevunyevu wa oili ni habari nyingine: hapo ndipo unaweza kuanza kuzungumza kuhusu ringi. Dakika tano za kazi hii zingeokoa pistoni nyingi nzima zinazotupwa.

Marekebisho ni madogo. Ndani ya kabureta kuna sindano inayopanda na kushuka pamoja na aksileta, na juu yake kuna mikato kadhaa inayoshikiliwa na klipu ndogo. Ukiihamishia klipu kwenye mkato wa juu zaidi, sindano inashuka na petroli inapungua. Kwa mwendo wa kawaida hiyo mara nyingi inatosha. Kwa aksileta iliyovutwa yote, inayotawala ni jeti kubwa, na hapo unabadilisha namba, kutoka 95 kwenda 90 kwa mfano. Anayeishi Nakuru na kutembea Njoro, Molo na Gilgil apangiwe kabureta huko huko Nakuru.

Lakini sikiliza vizuri sehemu hii, kwa sababu ndiyo inayoua injini. Kabureta iliyopangiwa Mau Summit ikishuka Kisumu inapata hewa nyingi kuliko petroli. Mchanganyiko mwepesi hautoi moshi wala harufu. Pikipiki huonekana kama imechangamka, na dereva hufurahi. Ndani, joto linapanda, na kwenye injini za mapigo mawili, nitakazozieleza hapa chini, linaweza kutoboa pistoni katikati. Mchanganyiko mzito hukuchelewesha na kukuchafulia plagi tu. Mwepesi huharibu. Kama safari zako zinakupeleka juu na chini, pangia kabureta mahali pa chini, kisha vumilia kukohoa kidogo huko juu. Mimi huona huo ndio uamuzi pekee wenye busara kwa mtu wa Kisumu anayekwenda Nakuru mara moja moja.

Na kabla ya kugusa jeti yoyote, angalia chujio la hewa. Vumbi la murram likiliziba, pikipiki huonyesha dalili zote za mlima ikiwa imesimama Nyalenda, hapo Kisumu. Kuna wanaoliondoa kabisa "ili ipumue". Kwa siku chache itapumua kweli, kisha lile vumbi litakuwa limegeuka msasa kati ya pistoni na silinda, na mwenyewe atakuwa ameitengeneza ile injini iliyochoka ambayo hakuwa nayo.

Injini za mapigo mawili

Hizi, ambazo mafundi wengi huziita tustroki, zina mkanganyiko wao. Suzuki A100 ni ya jamii hii, na BSA Bantam, iliyotengenezwa Birmingham kuanzia 1948 hadi 1971 kwa mchoro uliotoka kwa DKW ya Ujerumani baada ya vita, ni ya jamii hii pia. Injini ya mapigo manne ina oili yake yenyewe inayoilainisha wakati wote. Ya mapigo mawili huipata oili yake pamoja na petroli, kisha inaichoma. Kwa hiyo moshi mwepesi wa bluu asubuhi ni maisha yake ya kawaida. Anayeona moshi huo akapunguza oili anaiua polepole.

Zile kongwe hupewa mchanganyiko kwa mkono. Kipimo cha 1 kwa 20 ni mililita 50 za oili kwa kila lita ya petroli. 1 kwa 25 ni mililita 40. 1 kwa 50 ni mililita 20. Fuata kilichoandikwa na mtengenezaji wa pikipiki yako, na utumie oili iliyokusudiwa mapigo mawili, si ile iliyobaki kwenye dumu la matatu. Kuanzia miaka ya sitini, Yamaha na kisha Suzuki zilileta tangi dogo la oili lenye pampu yake, na hapo huchanganyi tena. Tatizo hutokea fundi anapoiondoa pampu "kwa sababu inasumbua" kisha pikipiki inauzwa na mnunuzi haambiwi. Ukinunua tustroki, swali la kwanza kabla hata ya bei ni hili: pampu inafanya kazi, au unachanganya?

Mteremko nao una hatari ambayo wachache huifikiria. Kutoka Kericho kushuka hadi Ahero, au kutoka Mau Summit kushuka kupitia Sachangwan na Salgaa kuelekea Nakuru, mtu wa kawaida hufunga aksileta na kuiacha gia izuie mwendo. Kwa injini ya mapigo manne huo ndio uendeshaji sahihi, hasa kwa breki za ngoma, ambazo zikipata moto mwingi hupoteza ushikaji. Lakini kwa tustroki inayochanganywa kwa mkono, aksileta ikifungwa petroli inaingia kidogo mno, na oili nayo vivyo hivyo, huku pistoni inapanda na kushuka kwa kasi ikiwa karibu kavu. Ivute aksileta kidogo kila baada ya muda mfupi ili ilambe oili, kisha funga tena. Shika breki ya mbele na ya nyuma kwa vipindi, usizikanyage mfululizo. Kuhusu kuzima injini na kuteremka kimya ili kuokoa petroli: barabara ile ya Salgaa ina malori yaliyojaa shehena nyuma yako, na pikipiki isiyo na injini haina njia ya kukwepa. Hakuna petroli yenye thamani hiyo.

Yanayosemwa kijiweni

Kuna anayesema mafuta ya taa kidogo kwenye tangi husaidia pikipiki ya zamani. Hayasaidii. Mafuta ya taa hupunguza uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo, injini inaanza kugonga, na masizi yanajaa kwenye kichwa cha injini. Petroli ya chupa pembeni mwa barabara ni hatari kwa sababu hiyohiyo: hujui kilichomo.

Kuna anayesema pikipiki za zamani haziwezi kuishi bila petroli yenye madini ya risasi. Kenya iliacha kuuza petroli ya namna hiyo ifikapo mwanzoni mwa 2006, na pikipiki za zamani bado zinatembea. Kazi moja ya risasi ilikuwa kukinga viti vya vali, yaani pale vali zinapofungia, visilike. Tustroki haina vali hizo, kwa hiyo haihusiki kabisa. Kwa Triumph au BSA ya mapigo manne inayoendeshwa kwa upole, ulikaji ni wa polepole; fuatilia nafasi ya vali, na siku kichwa kikifunguliwa kwa sababu nyingine, waweza kuwekewa viti vya chuma kigumu.

Tapeti, vile vipande vinavyozisukuma vali, zikilia, wengi huzikaza mpaka zinyamaze. Tafadhali, usikubali. Ile nafasi ndogo kati ya tapeti na vali, kwenye CG125 ni takribani milimita 0.08 injini ikiwa baridi, imewekwa kwa makusudi, kwa sababu chuma kikipata joto hurefuka. Ukiimaliza, vali haifungi sawasawa, moto unapita pembeni yake, na inaungua. Mlio mwepesi wa tik-tik una afya kuliko ukimya.

Oili ya gari nayo. Kwenye pikipiki nyingi za Kijapani klachi inaogelea kwenye oili ileile ya injini. Oili nyingi za magari ya kisasa zina dawa za kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Matokeo ni klachi inayoteleza, kisha unaambiwa ununue sahani mpya. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya namna hiyo.

Na taa hafifu inayong'aa ukivuta aksileta na kufifia ukisimama si lazima betri imekufa. Pikipiki nyingi ndogo za wakati huo zilitumia volti 6, na taa ilipata umeme moja kwa moja kutoka kwenye injini. Zilikuwa hivyo tangu dukani. Kwa hiyo safari ya usiku haizifai, hasa kwa barabara zetu.

Spea zinatoka wapi

Hapa watu wa Kisumu na Nakuru wana bahati kuliko wanavyojua. Mwaka 1976 Honda ilitoa CG125, iliyobuniwa kwa nchi ambako pikipiki hubebeshwa mzigo mkubwa na sarvisi huchelewa. Pikipiki iliyoitangulia, CB125, ilikuwa na kamshafti, mhimili unaofungua vali, juu kwenye kichwa cha injini, na oili ikikaa sana bila kubadilishwa, kichwa hicho kililika. Wahandisi wakairudisha kamshafti chini na kuzisukuma vali kwa vijiti. Injini hiyo ilivumilia mengi, na baadaye viwanda vya China vikaiiga kwa wingi usiohesabika. Kenya ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, injini hizo za vijiti zikamiminika hadi vijijini. Ndiyo maana gasketi, plagi, sahani za klachi na hata pistoni zinazoweza kuingia kwenye CG125 ya zamani zinapatikana kwenye maduka ya spea za boda. Kipenyo cha pistoni ya asili ni milimita 56.5. Beba ile ya zamani, pima kwa kaliper dukani, usiamini boksi.

Kwa BSA na Triumph mambo ni magumu zaidi. Nati zake nyingi ni za vipimo vya Kiingereza vya zamani, na spana ya 13 itazikwangua tu. Umeme wake mara nyingi una chanya kwenye fremu badala ya hasi. Ukifunga betri kwa mazoea unachoma vifaa. Gia iko mguu wa kulia na breki ya nyuma kushoto. Mkopeshe rafiki aliyezoea Boxer, ile pikipiki ya boda, bila kumweleza hilo, na mara ya kwanza akitaka kusimama ghafla atabadilisha gia. Kwa Honda na Suzuki, tatizo dogo linalokera ni skrubu za pembeni mwa injini: zimechongwa kwa kipimo cha Kijapani cha JIS, na bisibisi ya nyota ya kawaida huzila vichwa. Bisibisi sahihi, pamoja na kugonga kidogo kwanza, huokoa nusu siku ya kuchokonoa.

Karibu na ziwa unyevu ni adui mwingine. Tangi la chuma lililo nusu tupu hupata kutu ndani, na kutu hiyo ndiyo huziba jeti. Ikiwa pikipiki itakaa wiki kadhaa, jaza tangi, funga bomba la petroli, kisha iwashe mpaka bakuli la kabureta liishe.

Mwisho ni karatasi, na hapa ndipo watu hupoteza pesa nyingi kuliko kwenye injini. Pikipiki ya zamani inaweza kuwa na namba inayofanana na ya gari, kwa kuwa ilisajiliwa kabla ya zile namba za KM kuanza, na hilo si kosa. Kinachotakiwa ni namba ya fremu, iliyogongwa karibu na shingo ya usukani, ifanane na logbuku, yaani hati ya umiliki, na rekodi ya NTSA, mamlaka ya usafiri. Mwenyewe akiwa amefariki, uhamisho unahitaji hati za urithi za mahakama, hata kama muuzaji ni mtoto wake na mnaelewana vizuri. Kisha inama uisome namba ya injini. Ikianza na 156FMI au 162FMJ, hiyo ni injini ya Kichina: 56 na 62 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, I ni jamii ya 125 na J ni ya 150. Inaweza kuwa injini nzuri tu. Lakini si ile iliyoandikwa kwenye logbuku ya Honda ya zamani, na badiliko hilo linatakiwa lisajiliwe kwa jina la muuzaji kabla hujampa hata shilingi.